Usingizi wa Daraja la Tatu

1

Wahudumu wa ndege wana uongo mmoja ambao wao wenyewe hawauhesabu kuwa uongo, nao ni nusu saa. Ndege ikikwama ardhini na abiria akauliza wataondoka lini, mhudumu atamjibu nusu saa, awe anajua au hajui kitu. Kokushubira alikuwa ameusema uongo huo kwa miaka kumi na minne, katika viwanja vya nchi tisa, na hakuna abiria aliyewahi kumrudia kumlaumu. Ukiwa mkuu wa wahudumu, tena mwenye sauti ya upole kama yake, nusu saa yako inaaminika kuliko ya rubani.

Asubuhi ile jua lilikuwa limetema. Ndivyo watu wa miaka ile walivyosema dhoruba ya jua ilipoanza, na jua likitema, mitambo ya juu inayoongoza ndege hupofuka, na kila kilichoko angani hutafuta pa kutua. Ndege iliyotoka Lusaka kwenda Mwanza ikajikuta Ngaramila, kiwanja cha lami moja na nyasi kavu, saa moja na robo asubuhi. Magurudumu hayajapoa, maofisa wa afya walishafika na kamba yao ya njano. Waliizungushia ndege nzima, wakapiga lakiri mlangoni, wakaondoka bila hata kupunga mkono. Sheria ya Mlango haikuwa na mchezo. Tangu ile homa iliyosafiri kwa ndege ikamaliza familia za watu, hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga ardhi isiyoandikwa kwenye cheti chake cha afya, na Ngaramila haikuandikwa kwenye cheti cha mtu yeyote kati ya abiria wale mia na kumi na wawili.

Kwa ajili ya siku kama hizo, viti vilikuwa na pumziko. Ilikuwa bangili tu, iliyoning'inia kwenye mkono wa kiti, ambayo mhudumu humfunga abiria nayo ikaisikiliza damu yake na kuituliza. Daraja la kwanza lilikuwa usingizi wa kawaida wa mchana, ukimgusa mtu bega anaamka. Daraja la pili mwili ulipoa na pumzi zikapungua nusu. La tatu, mtu alivuta pumzi nne kwa dakika, hali, hanywi, haendi msalani, na kumrudisha kulichukua saa tano, taratibu, hatua kwa hatua. Abiria walilipenda pumziko kuliko chakula cha ndege, na kwa kweli chakula chenyewe hakikuwa mshindani mgumu.

Koku alipita kwenye ujia akifunga bangili, safu moja baada ya nyingine, mpaka kiti cha kumi na saba. Hapo alikaa mzee mmoja, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, simu isiyo na mtandao mkononi. Orodha ilimwita Lubasha Maduhu, fundi wa mashine za kuchambua pamba.

"Baba, nikufunge upumzike kidogo?"

"Mimi silali, mama. Nina mtoto amelazwa Mwanza."

Koku alichuchumaa ili macho yao yalingane. "Pole sana, baba. Anaumwa nini?"

"Figo. Minza wangu, kitindamimba. Mama yake kanipigia juzi, kasema njoo, usisubiri kumaliza kazi. Na mke wangu si mtu wa kuita watu ovyo. Nimeacha mashine ya watu tumbo wazi, nati zimejaa sakafuni."

Alisema hayo bila kuacha kuitazama simu. Paji lake la uso lilikuwa limelowa, na vidole vilimtetemeka. Koku alikuwa ameshasoma cheti chake: kifuani mwa mzee kulikuwa na kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kilichowekwa miaka mitatu iliyopita. Mtu wa moyo, hajafumba jicho usiku kucha, na joto la Ngaramila lilikuwa bado halijaanza. Alimwonea huruma, huruma ya kweli kabisa, na kila baya lililofuata siku ile lilianzia kwenye huruma hiyo.

"Lala daraja la kwanza tu, baba. Nusu saa. Mtandao ukirudi au habari yoyote ikija, nitakuamsha mimi mwenyewe."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Mzee alimtazama kwa muda, jinsi fundi anavyomtazama mwenye duka anayemuuzia vipuri. Kisha akanyoosha mkono, akafungwa bangili, na kabla Koku hajanyanyuka alikuwa amelala.

2

Saa nne Kapteni Gesase alimwita Koku chumba cha marubani. Alikuwa mwanamume wa maneno machache, na hayo machache aliyasema huku akionyesha kipimo cha betri kwa kidole.

"Jua halijamaliza. Umeme wa kiwanja umekatika, hakuna kuchaji. Nikiendelea kupoza hewa ya watu hawa wote walio macho na walio nusu macho, saa nane mchana betri zimekufa, na nje ni nyuzi thelathini na nane. Washushe la tatu."

"Wengi nimewafunga la kwanza, Kapteni."

"Basi waamshe, uwaulize. Kanuni unaijua."

Aliijua. Hakuna aliyeruhusiwa kushushwa chini ya daraja la kwanza bila kuamshwa, kuulizwa na kukubali kwa mdomo wake, na mhudumu hutia alama mbili kwenye orodha: ameulizwa, amekubali. Koku na msaidizi wake, Hidaya, waligawana safu. Watu waliguswa mabega, wakaelezwa, wakaitikia kwa kichwa na kuzama tena. Watano walikataa, wakabaki macho wakijipepea kwa magazeti, na hakuna aliyewalazimisha.

Kiti cha kumi na saba Koku alisimama. Mzee Maduhu alikuwa amelala kama mtu aliyetua mzigo wa gunia. Mikono ilikuwa imetulia, jasho limekauka. Koku alijua jibu lake. Angesema hapana, kisha angekaa macho saa nane, kumi, kumi na mbili katika joto linalopanda, simu mkononi, moyo ukimwenda mbio kuelekea mahali ambapo ndege haiwezi kwenda.

"Dada Koku, huyu hatumuulizi?" Hidaya alinong'ona.

"Huyu nimeshazungumza naye."

Nayo ilikuwa kweli, kwa namna yake. Aligeuza swichi ya bangili mpaka taa ya tatu, akatia alama mbili kwenye orodha, akasogea kiti cha kumi na nane.

3

Saa nane kamili simu ya wahudumu ililia. Mnara wa Ngaramila ulikuwa na waya wa zamani uliopita chini ya ardhi, ambao jua halikuweza kuufikia, na kijana wa mnara alikuwa ameunganisha simu kutoka Mwanza.

"Hapo ni kwenye ndege?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyekwisha kulia. "Mimi ni mama Minza. Namtafuta mume wangu, Maduhu. Mtoto ameamka. Siku tatu hakuwa anatujua, leo kaamka ananitambua vizuri, anamuuliza baba yake. Daktari kaniita pembeni. Anasema hii nafuu haina siku ndani yake. Anasema jioni, labda."

Koku alikitazama kiti cha kumi na saba. "Mzee amelala kidogo, mama."

"Si umwamshe?"

"Namwamsha. Mwili wake unachukua muda kuamka. Nipe muda, mama yangu, tafadhali."

Alikata simu akabaki ameishika. Hidaya alikuwa amesikia yote.

"Mpige sindano, dada. Dakika kumi yuko macho."

Sindano ilikuwepo, kwenye kisanduku chekundu juu ya kiti cha wahudumu. Ilitengenezwa kwa ajili ya moto, pale ambapo watu lazima watoke kwa miguu yao. Mtu mzima mwenye afya huamka nayo na kichwa kinachogonga siku mbili. Lakini Koku alikuwa amekisoma kitabu cha pumziko zaidi ya mara moja. Kwa mwenye kifaa cha moyo, kilisema, kati ya watano mmoja hainuki.

"Mmoja kati ya watano," alisema.

"Na wanne wanainuka. Ulimwahidi, dada. Mimi nilikuwa safu ya nyuma nakusikia."

"Nikimwua je? Yule mama apokee simu ngapi leo?"

Koku alikwenda kwa Kapteni, na Kapteni akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sheria inasema sindano ni ya moto. Mimi sitakuandikia taarifa ukiipiga, wala sitakuandikia usipoipiga. Siwezi kukusaidia zaidi ya hapo, Koku."

Alirudi akasimama juu ya mzee. Kama angekuwa amemuuliza saa nne, mambo yote haya yasingekuwepo. Mzee angekuwa macho, amechoka, ameloa jasho, simu sikioni. Sasa kulikuwa na swali ambalo ni mtu mmoja tu duniani aliyestahili kulijibu, na mtu huyo alikuwa amelazwa na Koku mwenyewe mahali ambapo maswali hayafiki. Akawaza ampigie mke wa mzee amuulize. Akajiona akimwambia mwanamke yule: chagua, mume wako asikie sauti ya mwanao na pengine afe, au abaki hai asiisikie. Aliona haya hata kuliwaza hilo. Hofu ilimshika, na hakuficha mbele ya nafsi yake kwamba sehemu ya hofu hiyo ilikuwa ya kwake mwenyewe, ya kuonekana ameua.

Akachagua njia ya katikati, ile ambayo watu waoga na watu wenye huruma huichagua pamoja. Aligeuza swichi kuanza kumrudisha polepole. Saa tano. Angefumbua macho saa moja jioni, na daktari alikuwa amesema jioni.

4

Saa kumi na nusu simu ililia tena.

"Ameamka?" mama Minza aliuliza. Nyuma yake kulisikika chombo kikilia kwa vipindi. "Niambie ameamka, mwanangu, maana huyu anaanza kunitoka mkononi."

Koku alimtazama mzee. Taa ya bangili ilionyesha daraja la pili. Kuna waliosema mtu wa daraja la pili husikia, na kuna waliosema ni hadithi za abiria. Hakuna aliyewahi kulipima hilo sawasawa.

"Ameamka, mama," alisema. "Ila hii dhoruba imeharibu njia ya sauti. Yeye atawasikia, ninyi hamtamsikia. Muweke mtoto aseme."

Alipiga magoti kwenye ujia, akaiweka simu baina ya sikio la mzee na la kwake. Mashavu yao yalikaribia kugusana, na shavu la mzee lilikuwa la baridi. Minza alizungumza dakika kumi na moja. Alikuwa na sauti ndogo, iliyopumzika baada ya kila maneno matatu manne, na Koku alisikia yote, maneno ya binti kwa baba yake, ambayo hakuna mgeni anayepaswa kuyasikia. Muda wote aliutazama uso ule uliolala, akimwomba Mungu kope itikisike, kidole kijikunje, chochote. Hakikutikisika kitu.

Katikati ya mazungumzo sauti ilimgeukia yeye.

"Dada uliyeshika simu. Baba ananisikia?"

"Anakusikia, mdogo wangu."

"Analia?"

Koku aliyatazama macho makavu ya mzee. "Kidogo," alisema, na machozi yake mwenyewe yakadondokea kola ya shati la mzee.

Saa kumi na moja na dakika tano kijana wa mnara alipiga. Hakuwa na mazoea ya kazi ile, akaisoma habari jinsi ilivyoandikwa, jina, saa na neno amefariki, kisha akasema, "Samahani, dada," akakata. Koku aliingia kwenye jiko la ndege, akavuta pazia, akalia akiwa ameuma kitambaa cha mezani ili wale watano walio macho wasimsikie. Hidaya alimfuata akamshika kiuno. Ilibaki saa moja na dakika hamsini na tano mzee kuamka.

5

Mzee Maduhu alifumbua macho saa moja jioni, akamkuta Koku amekaa kiti cha jirani. Alipepesa, akalitazama dirisha lililokuwa limeanza kuwa jeusi, akaelewa mara moja kwamba siku imepita.

"Habari imekuja," alisema. Halikuwa swali.

"Imekuja, baba."

"Amekwenda?"

"Amekwenda. Saa kumi na moja. Pole, baba yangu."

Mzee hakupiga kelele. Alishika mikono ya kiti, akavuta pumzi kwa taabu, akatoa, akavuta tena. Koku akamwambia yote kwa utaratibu, bila kujipaka mafuta. Alimwambia kwamba alimshusha la tatu bila kumuuliza na kutia alama kwamba amemuuliza. Akamweleza habari ya simu ya saa nane, na sindano, na mmoja kati ya watano. Kwamba mtoto alizungumza dakika kumi na moja sikioni mwake, na kwamba yeye Koku aliwaambia huko Mwanza kuwa baba ameamka na anasikia.

"Ulisikia chochote, baba? Hata kidogo?"

Mzee alifikiri kwa bidii, na Koku aliumia kuona jinsi alivyojitahidi. "Sikusikia kitu," alisema mwishowe. "Kulikuwa giza tu."

Ndege nzima ilikuwa kimya, watu zaidi ya mia wakivuta pumzi nne kwa dakika.

"Mtoto ni wangu," mzee alisema, "na moyo ni wangu. Wewe uliingia wapi hapo katikati?"

"Niliogopa utakufa."

"Ningekufa nikiwa njiani kwenda kwake. Kuna baba anayelalamikia kifo hicho?" Sauti ilimtetemeka sasa. "Ungeniuliza asubuhi."

"Ungesema hapana, baba."

"Ndiyo. Ningesema hapana. Sasa kuulizwa maana yake ni nini, mama?"

Koku akasema ataripoti mwenyewe alama zile mbili za uongo, na kwamba kazi ataiacha ikimlazimu. Mzee alipunga mkono. Kazi ya Koku haikumhusu hata chembe.

Ndipo simu ikalia. Koku aliipokea, akasikia sauti ile kavu, akaangalia chini. Jua lilikuwa limetulia, na njia ilisikika safi pande zote mbili. Alimkabidhi mzee simu bila kusema ni nani. Alitaka kusimama aondoke, lakini mzee alimshika mkono wa sare akamzuia, na simu za wahudumu zina sauti kubwa.

"Baba Minza?"

"Nipo, mama."

Mwanamke yule alilia, kilio kirefu, na mume wake akamngoja. Alipopata sauti akasema, "Niambie ulimsikia. Alijitesa kusema vile. Nilimwambia mwanangu pumzika, akakataa, akasema nimalize na baba. Niambie ulimsikia, mume wangu, nami nitalala."

Koku aliufunika uso kwa kiganja. Alingoja ukweli utoke, na alijua mzee ana haki ya kuutoa, umwangukie yeye na ndege yake yote.

Mzee Maduhu aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Nilimsikia," alisema. "Yote. Neno kwa neno. Nililia mpaka huyu dada wa ndege akanifuta machozi. Lala sasa, mama Minza. Nakuja."

Alipomaliza alirudisha simu, akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alilia hivyo muda mrefu, na Koku alikaa hapo, mkono wa sare ukiwa bado umeshikwa. Hakuthubutu kumgusa. Kisha mzee akajifuta uso kwa ukingo wa shati, akageuka kumkabili.

"Haya," alisema. "Niambie alichosema. Kesho mama yake ataniuliza, na keshokutwa, na mwakani ataniuliza. Usiongeze, usipunguze."

Koku alikaa wima. "Alianza kwa kukuamkia, baba. Alisema, 'Shikamoo, baba.' Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika, kumbe alikuwa anangoja."

Mdomo wa mzee ulifunguka, ukafungika, ukafunguka tena.

"Marahaba, Minza," alisema. "Marahaba, mwanangu." Akafumba macho, akamwashiria Koku aendelee.